Mwenye kiwanja yuko mwezini

Mwezi uliopita kijana mmoja tunayefanya naye kazi alilazimika kuhama chumba chake huko Tabata. Hakugombana na mtu. Mwenye nyumba alipandisha kodi, kisha akataka ya mwaka mzima kwa mkupuo. Kijana akaanza kuzunguka na dalali, na kila chumba alichoonyeshwa kilikuwa mbali zaidi na kazini kuliko cha jana yake. Jioni moja, tukisubiri saa ya taarifa ya habari, akaniuliza: "Kaka, wewe si una kiwanja Kigamboni? Mbona hujengi hata vyumba vinne, na sisi tukapata pa kupanga?"

Nilicheka, lakini sikuwa na jibu. Kiwanja hicho nilikinunua mwaka 2010, wakati ambapo kwenda huko kutoka katikati ya mji ilikuwa ni kwa pantoni. Sijaweka hata tofali. Kila mwaka namlipa mtu afyeke majani na aangalie bikoni zisihamishwe, basi. Na bado leo dalali ananipigia simu akinitajia bei inayozidi mara kumi ile niliyotoa mimi. Ndugu msikilizaji, ndipo nikajiuliza: fedha hizo zote, ambazo sikuzitolea jasho, zimetoka wapi? Na kwa haki, ni za nani?

Swali hili si geni katika nchi yetu. Liliulizwa mapema sana, tena na mtu ambaye hakuna asiyemjua. Mwezi Januari 1962, majuma machache tu baada ya Uhuru wa Tanganyika, Mwalimu Julius Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu ili akaijenge TANU. Mwezi Aprili mwaka huo ilitoka makala yake juu ya Ujamaa, na humo mna mfano mmoja ambao watu wengi wameusahau. Ni mfano wa mtu anayejitwalia eneo la ardhi, analiita lake, kisha anaondoka zake kwenda kustarehe mwezini. Huku nyuma wenzake wanahangaika: wanajenga kushoto na kulia kwa eneo lile, mji unakua, watu wanaongezeka. Siku anaporudi anakuta eneo lake limekuwa dhahabu, na wale wale walioutolea mji jasho ndio wanaotakiwa kumlipa.

Wakati huo hakuna binadamu aliyekuwa amekanyaga mwezini. Lakini wenye viwanja waliokwisha kufika huko walikuwapo tele, hata hapa Dar es Salaam.

Tuanze na mji wenyewe. Wajerumani waliufanya makao makuu ya koloni lao mwaka 1891, na tangu hapo ardhi iliyokuwa mashamba ya minazi ikaanza kuwa bidhaa. Walowezi na matajiri walijipatia hati za kumiliki milele. Eneo tunaloliita leo Kariakoo lilikuwa shamba la mlowezi mmoja wa Kijerumani, na Waafrika waliojenga vibanda vyao humo walimlipa yeye pango la ardhi. Muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ilibidi serikali ya kikoloni yenyewe ilinunue shamba hilo, ipate mahali pa kuwaweka wenyeji. Tazama basi jinsi mambo yalivyokuwa: koloni linaleta watu mjini, watu wanaipa ardhi bei, kisha koloni linamlipa mwenye shamba bei iliyotokana na watu hao hao.

Waingereza walipokuja walitunga Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923. Sheria hiyo iliitangaza ardhi ya Tanganyika kuwa ya umma, chini ya Gavana, na mtu akawa anapewa haki ya kuikalia kwa muda usiozidi miaka 99. Hata hivyo, hati za kumiliki milele za wakati wa Mjerumani ziliachwa kama zilivyo. Zilikuwa chini ya asilimia moja ya ardhi yote ya nchi, lakini miongoni mwake yalikuwamo maeneo ya mijini na mashamba mazuri.

Katika miaka ya 1950 ukaja upepo mwingine. Wakubwa wa kikoloni walishauriwa kwamba Mwafrika hataendelea mpaka ardhi yake iwe mali ya mtu binafsi, inayouzika na kuwekwa rehani. Mwalimu aliwajibu mwaka 1958 katika makala yake Mali ya Taifa. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Mtu akichonga kiti, kiti ni chake, kwa sababu ni kazi ya mikono yake. Akifyeka pori, anastahili malipo ya kazi ya kufyeka. Lakini ardhi yenyewe hakuiumba yeye. Akaonya kwamba ikiwa maskini wataruhusiwa kuuza ardhi yao, baada ya vizazi vichache wananchi watajikuta ni wapangaji katika nchi yao, na kwamba hata wageni matajiri wasingekuwapo, Watanganyika wenye fedha na ujanja wangeifanya kazi hiyo hiyo.

Wako wanaodhani kwamba mawazo ya namna hii yalizaliwa na ukomunisti. La hasha. Mmoja wa watu waliovuma sana duniani kwa kuyaeleza alikuwa Mmarekani aliyependa biashara huria, tena mwandishi wa habari kama mimi. Jina lake Henry George. Alizaliwa Philadelphia mwaka 1839, akafanya kazi ya kupanga herufi katika viwanda vya uchapaji, kisha akawa mhariri huko California. Mwaka 1870 alikuwa amepanda farasi katika vilima vya karibu na Oakland. Reli ya kuvuka bara ilikuwa imekamilika mwaka mmoja kabla. Akamuuliza mpita njia, kwa mazungumzo tu, ardhi ya kule inauzwaje. Yule akamwonyesha ng'ombe waliokuwa wakilisha mbali, akasema yuko mtu pale atakayeuza kwa dola 1,000 eka moja. Yalikuwa malisho matupu! George akang'amua kwamba bei ile imeletwa na reli na watu wanaotarajiwa kuja, na kwamba kadiri nchi inavyotajirika ndivyo asiye na ardhi anavyozidi kukamuliwa.

Mwaka 1879 alitoa kitabu, Progress and Poverty, kilichosomwa na watu wengi mno duniani. Dawa aliyopendekeza haikuwa kunyang'anya watu mashamba. Alisema: mwachie mtu mshahara wake, mazao yake, duka lake na nyumba yake, usimtoze. Toza ile thamani ya ardhi tupu, ambayo imeletwa na jamii nzima. Aliyejenga ghorofa na aliyeacha majani, viwanja vyao vikiwa sawa na mahali pamoja, walipe sawa. Hapo mwenye majani atachagua mwenyewe: ajenge, au amwachie anayetaka kujenga.

Sasa turudi kwetu, tuone sisi tulichagua njia gani.

Mwaka 1963 Tanganyika ilifuta hati za kumiliki milele na kuzigeuza kuwa mikataba ya miaka 99 na Serikali. Mwaka 1969 mikataba hiyo nayo ikageuzwa kuwa haki ya kukalia ardhi. Kabla ya hapo, mwaka 1962, lilikuwa limekwisha kuundwa Shirika la Nyumba la Taifa, ambalo lilibomoa vibanda na kujenga nyumba za bei nafuu, Magomeni na kwingineko. Aprili 1971 ikaja sheria kali zaidi: majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000 yakatwaliwa na Serikali na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Yalikuwa karibu majengo 3,000, mengi yao mali ya Watanzania wenye asili ya Kiasia. Jengo lililozidi umri wa miaka kumi halikulipiwa fidia. Familia nyingi zilifunga mizigo zikahama nchi.

Mimi nilizaliwa baadaye, lakini nimekua nikiwasikia wazee wakizisifu nyumba za Msajili kwa kodi yake nafuu. Sifa hiyo ni ya kweli kwa aliyebahatika kuingia. Lakini tukubali jambo moja. Sheria ya 1971 ilitwaa nyumba, yaani kile kiti kilichochongwa na mikono ya mtu. Nyumba hizo hazikuongezeka kwa kutwaliwa, na mwenye fedha aliogopa kujenga nyingine. Dar es Salaam iliyokuwa na watu wapatao 129,000 mwaka 1957 ilivuka milioni moja kabla ya mwaka 1988. Wageni hao wa mji hawakuingia katika nyumba za Msajili. Waliingia Manzese, Buguruni na Keko, katika nyumba za Kiswahili zenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, kila chumba familia yake.

Kuanzia mwaka 1974, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ulifanyika mradi wa viwanja vilivyopimwa na kuwekewa huduma. Ndiyo asili ya Sinza tunayoijua, na Kijitonyama, na sehemu za Mikocheni. Shabaha ilikuwa mtu wa kipato cha chini apate kiwanja chenye barabara na maji, ajenge polepole. Kwa upande wa mipango, mradi ule ulifaulu: mitaa ile mpaka leo ina njia za kupitisha gari, tofauti na mitaa iliyoota yenyewe. Kwa upande wa shabaha, viwanja vingi viliishia mikononi mwa wenye uwezo. Benki ya Nyumba, iliyokusudiwa kuwakopesha wajenzi, ilifungwa mwaka 1995.

Na sheria ilisemaje wakati huo juu ya ardhi yenyewe? Ilisema ardhi tupu haina bei. Unachoweza kuuza ni kilichoongezwa juu yake. Kanuni nzuri sana katika karatasi. Mjini, kila mtu alijua namna ya kuizunguka: unajenga msingi wa matofali mistari mitatu, halafu "unauza msingi". Msingi wa Msasani ulikuwa ghali kuliko nyumba nzima ya Mbagala, na hakuna aliyeshangaa. Bei ya ardhi haikufutwa. Ilihamia dirisha la nyuma, ambako Hazina haioni kitu.

Nadhani hapo ndipo tulipoteleza, na ndilo hasa ninalotaka kulisema leo. Tulimkataza mtu aliye mwezini kuitwa mwenye ardhi, lakini mapato yake hatukuyagusa. Tulifuta neno tukaacha kitu chenyewe.

Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda Tume ya kuchunguza masuala ya ardhi chini ya Profesa Issa Shivji. Tume ilizunguka nchi nzima ikasikiliza wananchi, na ikapendekeza mamlaka ya juu ya ardhi yatolewe mikononi mwa Serikali. Hilo Serikali haikulikubali. Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995 na Sheria za Ardhi za mwaka 1999 zilibakiza ardhi kuwa mali ya umma chini ya Rais kama mdhamini, lakini zikakiri kwamba ardhi ina thamani. Marekebisho ya mwaka 2004 yakafungua njia ya kuuza hata ardhi isiyoendelezwa. Mwaka uliofuata, 2005, ikafutwa sheria ya kudhibiti kodi za nyumba. Kwa maneno mengine, dirisha la nyuma likafanywa mlango wa mbele, na mpangaji akaondolewa kizuizi chake cha mwisho. Lakini hakuna aliyekumbuka kuweka sanduku la makusanyo pale mlangoni.

Chukua mfano wa daraja la Kigamboni, lililofunguliwa Aprili 2016. Limejengwa kwa fedha za Serikali, yaani kodi zetu, pamoja na fedha za NSSF, yaani michango ya uzeeni ya wafanyakazi. Tangu lifunguliwe, magari yamekuwa yakilipa tozo kuvuka. Basi hesabu mwenyewe, msikilizaji. Mfanyakazi amechangia daraja. Dereva analipa tozo kulivuka. Mimi mwenye kiwanja, ambaye bei yangu imepaa kwa sababu ya daraja hilo, nimelipa nini? Pango la ardhi la mwaka, kiasi kidogo ambacho ukikilinganisha na bei ya kiwanja unaona haya kukitaja. Na kijana yule wa Tabata, ambaye makato ya NSSF yanatoka katika mshahara wake kila mwezi, amesaidia kujenga daraja ambalo limemfanya asiweze kununua kiwanja ng'ambo yake.

Tazama pia kodi ya majengo. Mwaka 2021 iliamuliwa ikatwe kupitia umeme wa LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila ghorofa. Mwaka 2023 ikapandishwa kuwa 1,500 na 7,500. Ni njia rahisi ya kukusanya, sikatai. Lakini anayenunua umeme aghalabu ni mpangaji. Kisha, nyumba ya kawaida ya Oysterbay na ya Chanika zinakatwa sawa. Na kiwanja kitupu hakina mita ya umeme. Kwa hiyo aliyejenga anatozwa kwa kuwa amejenga, na aliyeacha majani yaote anasamehewa kwa kuwa ameacha majani yaote. Henry George angekuwa hai angelia.

Ninachopendekeza si kurudi mwaka 1971, wala si kuliacha soko lijiendee kama ilivyo sasa. Napendekeza tumalizie kazi ambayo Mali ya Taifa iliianza. Ardhi ibaki ya umma kama ilivyo kisheria. Nyumba ya mtu iachwe kuwa yake, tena ipunguziwe kodi. Lakini ardhi ya mjini ithaminiwe kila baada ya miaka michache, na kila mwenye kiwanja alipe sehemu ya thamani hiyo kila mwaka, kimejengwa au hakikujengwa. Hati nilizowahi kuziona zina sharti la kujenga ndani ya miezi 36. Aliyepita muda huo alipe zaidi. Mapato yarudi kupima viwanja na kuchonga barabara kabla watu hawajafika, kama ilivyofanyika Sinza.

Nitaulizwa: je, bibi kizee wa Magomeni aliyerithi nyumba ya mumewe, anayeishi kwa kuuza maandazi, naye atozwe kwa sababu kiwanja chake kina bei ya mamilioni? Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba kiwanja kimoja anachokikalia mtu kiwe na nafuu, na deni la mzee asiye na kipato lisubiri mpaka siku nyumba itakapouzwa. Tunayemtafuta ni yule mwenye viwanja sita na funguo za nyumba moja.

Nitaulizwa tena: wako wapi waliojaribu? Nairobi imetoza ardhi kwa thamani yake bila kuhesabu jengo tangu enzi za ukoloni, na mbona kodi za nyumba huko hazishikiki? Ni kweli. Lakini kwa takriban miaka 40 mji huo ulitumia daftari la thamani la mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kodi inayotegemea bei za zamani namna hiyo ni sawa na mbwa asiye na meno. Singapore ilianzisha bodi yake ya nyumba mwaka 1960, miaka miwili kabla ya Shirika letu. Mwaka 1966 ikatunga sheria ya kutwaa ardhi, na Serikali ikahakikisha kwamba faida ya kupanda kwa bei inabaki kwa umma. Leo takriban wakazi wanane katika kila kumi wanaishi katika nyumba zilizojengwa na bodi hiyo. Nchi yao ni kisiwa kidogo, na serikali yao ni kali kuliko wengi wetu tungependa. Pamoja na hayo, walielewa jambo ambalo sisi tulilisema kabla yao, tukaliacha njiani.

Dar es Salaam ilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 5.3 katika sensa ya mwaka 2022. Wengi wao hawatajenga kamwe ikiwa kila barabara mpya, kila daraja na kila kituo cha reli kitakuwa zawadi kwa aliyewahi kufika na kuziba njia.

Najua wapo watakaosema mwandishi huyu anahubiri huku amekalia kiwanja chake. Wana haki. Nikitozwa kwa namna ninayoipendekeza, sitaweza kukishikilia mwaka wa tatu. Nitajenga vile vyumba vinne au nitauza. Ndiyo maana siombi watu wawe wema. Mimi ni mtu mwema kiasi, na kiwanja changu kina miaka mingi kikiota majani. Naomba sheria inishushe kutoka mwezini.

Kijana wetu amepata chumba Chamazi. Anaamka saa kumi alfajiri.